Pinard: Daktari aliyegeuza watoto tumboni kwa mikono mitupu

Kama umewahi kumsindikiza dada, mke au rafiki yako kliniki, huenda umekiona. Nesi anamlaza mama kitandani, anampapasa tumbo kwa mikono miwili, kisha anachukua kitu kama tarumbeta ndogo ya mbao au plastiki. Upande mpana anaubandika tumboni, upande wa pili anauwekea sikio, halafu chumba kizima kinanyamaza. Wewe umekaa pembeni na simu yako ya bei kali unajiuliza: jameni, hiki kidude bado kinatumika?

Kinatumika, tena sana. Hakihitaji stima, hakiishi chaji, na mkunga aliyekizoea husikia moyo wa mtoto kwacho kama saa iliyofichwa chini ya mto wa kulalia. Wengi hapa Kenya hukiita fetoskopu. Katika vitabu vya wakunga kinaitwa pembe ya Pinard, na huyo Pinard hakuwa kampuni. Alikuwa daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, aliyezaliwa 1844 na kufariki 1934 akiwa na miaka 90.

Lakini pembe ni kipande kidogo tu cha hadithi yake. Kabla hajaitengeneza, Pinard alikuwa tayari amejijengea jina kwa jambo lililowashangaza wengi: kumgeuza mtoto aliyekaa kichwa juu akiwa bado tumboni, kabla ya uchungu kuanza, kwa kutumia viganja vya mikono peke yake. Hakuna kisu, hakuna chuma.

Ili uone uzito wa jambo hilo, kwanza ujue shida yenyewe.

Kwa kawaida mtoto huja duniani kichwa kikitangulia. Kichwa ndicho kikubwa na kigumu zaidi katika mwili wa mtoto mchanga, kwa hivyo kikishapita, mabega na sehemu zilizobaki hufuata. Kuna wale wanaokaa kinyume: matako chini, au miguu, na kichwa kimeegemea mbavu za mama. Mimba ikiwa ya wiki 28 hivi, karibu mtoto mmoja kati ya watano huwa amekaa hivyo, na hapo hakuna haja ya kupaniki, manake wengi hujipindua wenyewe wakati nafasi bado ipo. Mimba ikikomaa, wanaobaki kichwa juu ni watatu au wanne hivi kwa kila 100.

Hao ndio wa kuwaza. Matako yanapita, miguu inapita, watu wanaanza kushangilia, kumbe kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Kichwa kimebaki nyuma. Kikikwama, kitovu kinabanwa kati ya kichwa na nyonga ya mama, na mtoto anakosa hewa. Mkunga ana dakika chache tu za kumaliza kazi.

Leo daktari akiona hatari, mama anapelekwa thieta. Pinard alipokuwa kijana, njia hiyo ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo: karibu kila mama aliyepasuliwa Paris katika sehemu kubwa ya karne ya 19 alikufa, ama kwa kuvuja damu ama kwa maambukizi. Ndiyo maana madaktari walibeba vyuma vya aina nyingine, vya kuponda kichwa cha mtoto ili angalau mama aokoke. Ni jambo la kuogofya kuliandika, lakini lilikuwa linafundishwa darasani kama kazi ya kawaida.

Pinard alizaliwa tarehe 4 Februari 1844 huko Méry-sur-Seine, mji mdogo katika jimbo la Aube, mashariki mwa Paris. Kama vijana wengi wa mashambani wenye kichwa chepesi, aliingia jiji kuu kusomea udaktari. Huko akaangukia mikononi mwa mwalimu mmoja hatari, kwa maana nzuri ya neno hilo: Stéphane Tarnier.

Tarnier alikuwa amezua maswali mazito akiwa bado daktari chipukizi. Alichunguza vifo vya akina mama katika hospitali ya uzazi ya Paris na kuonyesha kwamba waliojifungulia humo walikufa kwa homa ya uzazi mara nyingi zaidi kuliko waliojifungulia nyumbani. Na nani waliojifungulia hospitalini? Watumishi wa nyumba, mafundi wa kushona, wasichana waliotelekezwa na wapenzi wao. Tajiri alizalia kwake, chumbani, kwa raha zake. Maskini ndiye aliyekwenda kulala kwenye wodi ambamo kitanda cha jirani kilikuwa kimetoka kuondolewa maiti.

Huyu Tarnier ndiye pia aliyetazama mashine za kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama ya Paris, akaomba atengenezewe moja ya watoto wa binadamu. Kuanzia miaka ya 1880, watoto njiti wa hospitali yake wakaanza kulazwa kwenye kisanduku chenye joto. Kwa hiyo Pinard alijifunza kazi kwa mtu asiyeona aibu kuchukua wazo zuri popote lilipo, hata kwenye banda la kuku.

Shuleni kwa Tarnier kulikuwa na somo moja ambalo halikuhitaji kurudiwa mara mbili: mkono wa daktari unaweza kuua. Louis Pasteur alikuwa akieleza Ufaransa nzima juu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mkono uliotoka kwa mgonjwa mmoja ukaingia kwenye nyumba ya uzazi ya mwingine ulibeba kifo kwenye kucha.

Hapo sasa ndipo unaposhika kwa nini kugeuza mtoto kwa nje lilikuwa jambo kubwa. Maana kugeuza kwenyewe si kitu kipya. Katikati ya karne ya 16 daktari wa upasuaji Ambroise Paré, naye Mfaransa, alieleza jinsi ya kuingiza mkono wakati wa uchungu, kutafuta mguu wa mtoto na kumvuta nje. Njia hiyo iliokoa wengi na ilitumika kwa mamia ya miaka, ila fikiria maumivu, na fikiria huo mkono. Miaka ya 1860, John Braxton Hicks wa London akapunguza ukali: vidole viwili ndani, mkono mwingine juu ya tumbo. Na kabla yake, mwanzoni mwa karne hiyo, Justus Heinrich Wigand wa Hamburg alikuwa ameandika kwamba mtoto anaweza kugeuzwa kwa nje kabisa. Wachache walimsikiliza.

Pinard hakudai kuwa wa kwanza. Alichofanya ni kulichukua wazo lililokuwa likizurura vitabuni na kulifanya kazi ya kila siku, yenye hatua ambazo mwanafunzi anaweza kuzifuata. Mwaka 1874 aliandika tasnifu yake kuhusu nyonga zilizopinda, shida iliyowakumba wanawake wengi maskini waliougua matege utotoni. Miaka minne baadaye, 1878, akatoa kitabu kuhusu kupapasa tumbo la mjamzito na kumgeuza mtoto kwa nje. Alikuwa na miaka 34.

Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Wakati huo hakukuwa na skani. Hakukuwa hata na eksirei. Wilhelm Röntgen angeigundua mwishoni mwa 1895. Tumbo la mjamzito lilikuwa chumba kilichofungwa. Madaktari wengi walisubiri uchungu uanze, mlango wa uzazi ufunguke, ndipo waingize kidole kutambua ni kiungo gani kinakuja. Yaani unajua kuna shida wakati shida imeshafika mlangoni.

Pinard alisema mapema hata kabla ya uchungu, ukitumia mikono kwa nidhamu, tumbo litakueleza kila kitu. Mama analala chali, kibofu kikiwa kitupu. Mikono ya daktari iwe na joto, manake mkono baridi hulifanya tumbo kujikaza. Viganja vinalala bapa, havidungi kwa ncha za vidole. Unaanzia chini, kwenye nyonga: kuna nini hapo? Kichwa ni mviringo mgumu, na kikiwa hakijazama ukikisukuma kidogo kinayumba na kurudi, kama mpira majini. Matako ni mapana, laini kidogo, hayayumbi hivyo. Kisha unapanda pembeni: upande mmoja utakuta ubao laini mrefu, huo ni mgongo, upande wa pili vibonge vibonge, hivyo ni mikono na miguu. Halafu juu kabisa, chini ya mbavu. Kukiwa na kichwa huko, basi mtoto amekaa kinyume.

Baada ya kutambua, kugeuza. Mkono mmoja unayainua matako kutoka kwenye nyonga, mwingine unakiongoza kichwa kishuke kwa upande wa pili, polepole, mtoto akipiga kama sarakasi ya nusu mzunguko. Tumbo likikaza, unasimama na kungoja lilegee. Ukilazimisha umeharibu. Kazi nzima inaweza kuchukua dakika chache tu, na mama yuko macho akiona tumbo lake likibadilika umbo mbele ya macho yake. Ukiwaza mambo yaliyokuwa yakifanyika kwenye wodi nyingine za wakati huo, hii ilikuwa karibu ni upole mtupu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Mtoto aliyegeuzwa leo anaweza kuamka kesho amerudi kichwa juu, kana kwamba anakukejeli. Kwa hilo Pinard alibuni mshipi maalumu wa tumbo, wenye mito ya pembeni, ambao mama aliuvaa ili mtoto abaki alivyowekwa hadi siku ya kuzaa. Na kwa wale waliokataa kabisa kugeuka, alieleza namna ya kuusaidia mguu ulionyooka juu ujikunje kwenye goti ili ushuke salama wakati wa kuzaliwa. Wakunga bado wanafundishwa mbinu hiyo, na bado ina jina lake.

Kipaji chake hakikuishia mikononi. Mwaka 1889 alipewa uprofesa, na mwaka uliofuata kliniki mpya ya Baudelocque ikafunguliwa Paris, kwenye barabara ya Port-Royal, naye akiwa mkuu wake. Huko alifundisha kwa zaidi ya miaka 20, akiwa na watu kutoka nchi nyingi wakija kumwona akifanya kazi.

Mwaka 1895 pembe yake ikatokea. Wazo la kusikiliza moyo wa mtoto lilikuwa na miaka kama 70 tayari: René Laennec, daktari mwingine wa Paris, alivumbua stethoskopu mwaka 1816, na miaka mitano baadaye Jacques Lejumeau de Kergaradec akaitega kwenye tumbo la mjamzito akasikia mapigo mawili tofauti, la mama na la mtoto. Pinard alitengeneza umbo linalofaa tumbo lenyewe: mdomo mpana kama kengele, shingo nyembamba, bapa la kuwekea sikio. Mikono yako miwili inabaki huru, maana unaishikilia kwa sikio tu. Na kwa mtu anayegeuza watoto, chombo hicho kilikuwa na faida ya ziada: mahali unaposikia moyo kwa nguvu panakueleza mtoto amelala vipi. Moyo ukisikika juu ya kitovu cha mama, shuku kwamba kichwa kiko juu.

Mwaka huo huo alifanya jambo ambalo binafsi naliona kubwa kuliko hiyo pembe. Alilinganisha uzito wa watoto. Kundi moja ni la wanawake waliofanya kazi hadi siku ya kujifungua: kufua, kushona, kusimama kiwandani. Kundi lingine ni la wanawake maskini kama hao, ila waliopata kupumzika kwenye makao ya wajawazito kwa angalau siku kumi kabla ya kuzaa. Watoto wa waliopumzika walikuwa na uzito zaidi, karibu gramu 300 kwa wastani. Akapeleka matokeo hayo kwa wakubwa wa tiba wa Ufaransa na kudai kwamba mjamzito mfanyakazi apewe mapumziko kwa sheria.

Ilichukua muda, kama kawaida ya wabunge popote. Mwaka 1909 Ufaransa ikapitisha sheria ya kumlinda mwanamke asifutwe kazi kwa sababu ya kujifungua, na mwaka 1913 ikaja sheria ya mapumziko yenye posho. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama miezi mitatu yenye mshahara kamili. Ukisikia bosi analalamika eti hiyo likizo ni anasa, kumbuka kuna mtu alipima watoto kwenye mizani zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Sasa, tusimpake mafuta mengi. Pinard alikuwa na upande mwingine, na ukisoma maisha yake bila kuutaja utakuwa umedanganywa.

Kwanza, alikuwa mkaidi. Alichukia kabisa kuponda kichwa cha mtoto aliye hai, na mwaka 1892 akawa kinara wa kurudisha Ufaransa operesheni ya kukata gegedu linalounganisha mifupa ya nyonga kwa mbele, ili njia ipanuke mtoto apite. Ilifufuliwa na madaktari wa Naples, Italia. Iliokoa watoto. Lakini baadhi ya akina mama walibaki na shida ya kutembea na ya mkojo, na upasuaji wa kawaida ulipozidi kuwa salama operesheni hiyo ikapoteza wafuasi wengi. Mama hakuulizwa sana anataka nini. Enzi hizo profesa akisema, imesemwa.

Pili, na hili ni zito zaidi, ni sababu iliyomsukuma. Ufaransa ilishindwa vitani na Wajerumani mwaka 1871, na kwa miongo iliyofuata wanasiasa wake walilia kila siku kwamba Wafaransa hawazai vya kutosha. Mtoto akawa hesabu ya taifa: askari wa kesho. Pinard alinyonya hofu hiyo. Alieneza elimu ya malezi ya mtoto mchanga, iliyoitwa puerikultura, na akaifikisha hadi kwa wasichana wa shule za msingi za Paris; mwaka 1904 alichapa kitabu cha masomo hayo. Kufundisha wasichana jinsi ya kunyonyesha na kuosha chupa, sawa. Ila kwake puerikultura ilianza kabla hata ya mimba, kwa kuuliza nani anafaa kuzaa.

Mwaka 1912 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha eujeniki cha Ufaransa, ile nadharia ya kuboresha kizazi cha binadamu kama vile mfugaji anavyoboresha ng'ombe. Wengi wa wasomi wa wakati ule walivutiwa nayo, na tunajua ilikofikishwa na Wajerumani wa Hitler. Eujeniki ya Wafaransa kama Pinard ililenga zaidi afya ya wazazi, pombe, kaswende na kifua kikuu. Haikuwa ya kuua wala kuhasi. Lakini mzizi wake ulikuwa ule ule: thamani ya mtu inapimwa kwa faida yake kwa taifa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza 1914, alikuwa na miaka 70 na amefikia kustaafu Baudelocque. Hakukaa kitini. Wanaume walikuwa mahandakini, wanawake wakaingia viwandani kutengeneza mabomu. Mwaka 1916 Pinard aliiambia Akademia ya Tiba kwamba viwanda hivyo vinaua watoto, na kwamba wajawazito na wanaonyonyesha wasikubaliwe ndani. Wenzake walipinga: mwanamke asipofanya kazi atakula nini? Mumewe yuko vitani, au ameshakufa. Ni mjadala ambao ungeweza kuusikia leo kwenye jukwaa lolote, na wote wawili wana hoja. Pinard aliona mtoto. Wale wengine waliona sufuria tupu. Hatimaye Ufaransa haikuwafukuza wanawake hao, ila mwaka 1917 iliagiza viwanda viwatengee akina mama muda na mahali pa kunyonyeshea.

Mwaka 1919, akiwa na miaka 75, umri ambao wengi wanahesabu wajukuu, aligombea ubunge akashinda. Alikaa bungeni hadi 1928. Mwaka 1926 (mwaka ambao hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianza kazi hapa Nairobi) alikuwa mzee wa miaka 82 akipeleka mswada wa kumlazimisha anayetaka kuoa apate kwanza cheti cha daktari. Ulikwama. Sheria ya cheti cha kabla ya ndoa ilikuja kupitishwa Desemba 1942 na serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani, miaka minane baada ya yeye kuzikwa. Pinard alifariki tarehe 1 Machi 1934.

Na ule ufundi wake wa kugeuza? Ulipanda na kushuka kama nguo za mtindo.

Madaktari wa karne ya 20 waliutumia kwa miongo kadhaa, wakati mwingine vibaya: walimgeuza mtoto mapema mno, au walimlaza mama kwa dawa ya usingizi ili tumbo lilegee, halafu wakasukuma kwa nguvu bila mama kuweza kusema anaumia. Watoto wengine walikufa. Upasuaji nao ukawa salama mno, na kufikia miaka ya 1970 wengi waliona hakuna haja tena ya kusumbuka. Kisha katikati ya muongo huo madaktari wa Berlin wakaonyesha kwamba ukingoja mimba ikomae, ukatumia dawa ya kulegeza misuli ya nyumba ya uzazi, na mama akabaki macho, kazi inafanyika kwa usalama. Skani ilikuwa imeshafika, kwa hiyo mtu alijua kabla ya kugusa kondo liko wapi na maji yanatosha.

Halafu mwaka 2000 ukachapishwa utafiti mkubwa katika jarida la Lancet, uliowahusisha zaidi ya akina mama 2,000 katika nchi 26. Ulionyesha kwamba watoto waliokaa matako chini walipata madhara machache zaidi mama alipopangiwa upasuaji kuliko alipopangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida. Kuna walioukosoa, lakini hospitali nyingi duniani zilibadilika karibu usiku mmoja. Matokeo yake, wakunga na madaktari vijana wengi hawajapata kuona mtoto akizaliwa matako kwanza, sembuse kuwa na uzoefu nao. Kwa hivyo swali la Pinard likarudi na nguvu mpya: kama mtoto anaweza kugeuzwa mapema, mbona tungoje kisu?

Hapa tuongee wazi na wewe unayetarajia mtoto, au mpenzi wako anatarajia. Kwenye kijitabu cha kliniki kuna safu ya kuandika mtoto amelalaje na ametanguliza nini. Si mapambo. Mimba ikifika wiki 36 uliza kimeandikwa nini hapo, na kama hakijaandikwa, uliza kwa nini. Ikiwa mtoto bado yuko kichwa juu, omba rufaa kwa daktari wa uzazi na umuulize kama unafaa kugeuziwa. Huwa inafanywa kuanzia wiki ya 36 kwa anayezaa mara ya kwanza, wiki ya 37 kwa aliyewahi kuzaa.

Inafaulu karibu nusu ya mara. Aliyewahi kuzaa ana bahati zaidi, kwa sababu misuli ya tumbo imelegea. Wa mara ya kwanza ana bahati pungufu. Kuna wasiofaa: wenye mapacha, waliovuja damu karibuni, ambao kondo limeziba njia, au maji yameshapasuka. Na lazima ifanyike hospitalini penye thieta karibu, moyo wa mtoto ukipimwa kabla na baada, kwa kuwa mama mmoja hivi katika kila 200 hulazimika kupelekwa kupasuliwa haraka baada ya jaribio. Mwenye damu ya kundi hasi hupewa sindano ya kumkinga.

Hilo la hospitali nalisisitiza kwa sababu mtaani kuna njia ya mkato. Utasikia kuna mama fulani anakanda tumbo vizuri, atamweka mtoto sawa kwa mia chache. Huenda kweli mikono yake ina uzoefu wa miaka. Lakini hajui kondo liko wapi, hana wa kumpima mtoto akianza kuchoka, na kitovu kikijinyonga au kondo likibanduka hana thieta nyuma ya pazia. Pinard mwenyewe, na ukaidi wake wote, alikuwa amezungukwa na hospitali nzima.

Ikifaulu, mama huenda nyumbani siku hiyo hiyo na kurudi kuangaliwa, maana watoto wachache bado hupindua tena. Mshipi wa mito sasa uko makavazini; siku hizi mama huvaa nguo zake za kawaida tu na kungoja.